Msafiri Arudipo na Tenga Mkononi

Tangu Serikali ya Muungano ilipoanza kuhamishia shughuli zake Dodoma mwaka 2016, watu wa visiwani wameizoea barabara ya kati kuliko walivyopata kuizoea wakati wowote. Zamani safari ya bara kwa wengi wetu ilikomea Dar es Salaam au Tanga. Siku hizi mtumishi wa Serikali, mjumbe wa mkutano, mwanafunzi na mfanyabiashara wa vitunguu, wote hupanda basi, au treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Na wengine hawaishii hapo, bali huendelea mpaka Manyoni, Singida na Tabora. Hivi karibuni nasi tulikuwa miongoni mwao. Lakini leo hatukusudii kuzungumza juu ya kwenda. Juu ya kwenda husemwa mengi, na posho yake hupangwa mapema, ilhali kurudi huachiwa kila mtu na nyumba yake. Na katika kurudi ndimo limo jambo tunalotaka kuliweka mbele ya wananchi na mbele ya viongozi.

Ukitoka Manyoni kuelekea Dodoma, barabara huteremka ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Saranda, na mara nchi hubadilika. Vichaka vya mwinuko hubaki nyuma, na mbele hutandazika tambarare ya Ugogo, mibuyu ikisimama mbalimbali kama watu waliogombana, hata ufike Kintinku. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, uliopitiwa na barabara kuu na pia na reli ya kati, reli ile iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912 katika utawala wa Wajerumani. Msomaji ambaye hajapata kuupita asidhani kuwa ni mahali pa minara na majumba. Wenyeji wake wengi ni wakulima wa mtama, uwele na alizeti, na mpunga pale mabonde yanapokubali. Tena ni wafugaji wa asili, watu waliozoea kusoma mawingu kama sisi tunavyosoma maji kujaa na kupwa. Nchi ni kavu, na maji ndiyo yamekuwa hoja ya mikutano yao kwa muda mrefu, hata ukabuniwa mradi mkubwa wa maji wa Kintinku na Lusilile kwa ajili ya vijiji vya upande ule.

Basi linaposimama mahali kama hapo, biashara huja yenyewe madirishani. Huja asali katika chupa, huja ubuyu, na huja kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida wana sifa inayojulikana mpaka Dar es Salaam, na mtu wa visiwani aliyechoka na kuku wa barafu huwatazama kama anavyomtazama nguru aliyevuliwa alfajiri. Mbele yetu alikuwapo mzee mmoja wa Unguja aliyechagua majogoo wawili na matetea watatu, akawatia katika tenga. Aliuliza bei mara tatu. Kama wamechanjwa hakuuliza hata mara moja. Nyuma yetu alikaa kijana wa Kipemba, mpole sana, ambaye alikuwa amepakata kiroba kilichotobolewa matundu. Ndani ya kiroba alikuwamo mtoto wa mbwa, mwenye rangi ya udongo wa kule, aliyepewa na wachunga ng'ombe. Alituambia kuwa anampeleka kwao akalinde shamba, kwa sababu tumbili wamewamaliza. Wote wawili walikuwa na furaha, nasi hatukuona sababu ya kuwalaumu kwa furaha hiyo, maana msafiri arudiye mikono mitupu huingia kwake kama mgeni.

Kurudi kwenyewe ni jambo tamu, wala hatuoni haya kulisema katika ukurasa uliozoea kusema habari za bajeti. Mtu aliyekula mkahawani kwa siku kumi, akalala katika nyumba za wageni ambamo redio ya jirani haizimwi, husikia mlango wa kwao ukilia akajua kuwa amefika. Watoto huamkia huku macho yao yako kwenye mkoba. Mama watoto hutoa taarifa ya nyumba, na taarifa hiyo, kama tulivyoangalia kwa miaka mingi, aghalabu huanza na wanyama kabla ya watu: tetea mweusi ameatamia mayai kumi na moja nyuma ya mtungi, mbuzi amekata kamba akala kanga ya jirani, na jirani amekwisha lipwa, njiwa mmoja amechukuliwa na mwewe, paka amezaa chini ya kitanda, juu ya koti ambalo baba hakulichukua kwa sababu ya joto. Watu, alhamdulillahi, wazima. Paka mwenyewe hamlaki mtu. Hukaa mbali akangoja msafiri aketi, kisha huja kuvinusa viatu vyake, taratibu, kama karani anayekagua hati, maana viatu hivyo vimekanyaga mahali asipopajua. Huyo ndiye mkaguzi wa kwanza wa vitu vitokavyo safarini, na katika nyumba nyingi ndiye wa mwisho.

Wengi wetu tuliopita chuoni kabla ya kupita skuli tulifundishwa mapema kwamba mnyama ni amana. Tulisimuliwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie, na habari ya aliyemtekea maji mbwa mwenye kiu. Na tulijua kuwa sahaba Abu Huraira aliitwa kwa jina hilo kwa sababu ya kipaka chake. Tulifundishwa pia kwamba chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo katika visiwa vyetu paka hulala ndani na mbwa hukaa nje, shambani au kwa wasasi, na hilo halina ubaya wowote. Ubaya huanza pale kukaa nje kunapogeuka kuwa kukosa mwenyewe. Mbwa anapobweka usiku, kila mtu mtaani husema kuwa huyo ni mbwa wetu; siku ya chanjo inapofika, kila mtu husema kuwa ni wa fulani.

Lipo neno jingine kuhusu wenyewe. Baba arudiye hutaja kuku zake, mbuzi wake, njiwa wake. Lakini ni nani aliyewapa maji siku kumi hizo, akawafungia banda magharibi, akamwona tetea aliyezubaa kabla hajafa? Ni mama na watoto. Hata hivyo tumehudhuria mikutano mingi ya ufugaji ambayo viti vyake vya mbele vilijaa wanaume wenye kalamu, na wanawake waliitwa mwishoni kuja kugawa chai. Maofisa mifugo wanaotaka habari za kweli za kuku wa shehia wangeanzia jikoni.

Sasa tulitazame tenga la mzee wetu. Maradhi yanayoogopwa kwa kuku wa kienyeji ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Hausababishwi na upepo wala na kijicho. Ni virusi vinavyotoka kwa kuku mgonjwa kwa njia ya kinyesi na makamasi, vikasafiri kwa tenga, kwa viatu, kwa mikono na kwa manyoya ya kuku aliyechinjwa. Kuku aliyeambukizwa anaweza kukaa siku kadhaa akila na kuwika kama kawaida kabla ya kuanza kuhara kijani, kuzubaa na kupinda shingo. Kwa hiyo jogoo aliyenunuliwa njiani akiwa na afya machoni aweza kuvuka bahari na afya hiyo hiyo, akatiwa bandani pamoja na kuku wa nyumbani jioni ile ile ili watoto wafurahi, na baada ya wiki banda zima likawa kimya. Maradhi haya yakiingia katika kundi lisilochanjwa, huweza kuwaua takriban wote.

Dawa ya kuyatibu haipo. Kinga ipo, tena ni rahisi. Chanjo iitwayo I-2, ambayo hutengenezwa hapa hapa Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hutolewa kwa tone moja katika jicho la kuku, ikarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mtoto wa skuli anaweza kufundishwa kuitoa katika muda wa asubuhi moja. Na kuku mgeni yafaa akae peke yake, mbali na wenyeji, kwa muda wa wiki mbili, akihudumiwa baada ya wenyeji wala si kabla yao. Hayo ni mambo mawili tu, wala hayahitaji semina.

Kiroba cha kijana wa Pemba ni jambo zito zaidi, nasi twaomba wasomaji wetu wavumilie tulieleze kwa urefu, kwa kuwa Pemba ina historia yake ambayo inastahili kujulikana na kila mtu anayevuka Mkondo.

Kichaa cha mbwa ni maradhi ya virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akimuuma mtu, virusi hushika njia ya mishipa ya fahamu, pole pole, mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, na pengine wiki chache tu, na pengine mwaka. Dalili zikishatokea, hakuna hospitali duniani iwezayo kuahidi uhai. Karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili, maradhi haya huzuilika. Louis Pasteur alianza kuchanja binadamu aliyeumwa mnamo Julai 1885, yaani zaidi ya miaka 140 iliyopita, na hata hivyo inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa maradhi haya, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto. Mtoto ndiye achezaye na mbwa, ndiye anayeumwa usoni na kichwani, na ndiye anayeficha kidonda kwa kuogopa kukaripiwa.

Pemba ilikuwa na kichaa cha mbwa. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara pamoja na wenzao walifuatilia maradhi hayo kisiwani humo tangu mwaka 2010 hadi mwaka 2020, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2023. Walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani aliumwa, na mbwa gani, na mbwa huyo aliumwa na yupi; kisha wakasoma vinasaba vya virusi vyenyewe, kama mwanachuoni anavyosoma nasaba ya ukoo, wakajua kipi kimezaliwa na kipi. Waligundua kuwa mwaka 2010 palikuwa na minyororo mitano ya maambukizo ikienda sambamba kisiwani. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka, ya kisiwa kizima, ilipoanza na kuendelea kutengenezwa vizuri zaidi, mbwa wagonjwa walipungua, watu walioumwa walipungua, na vifo vikapungua. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika.

Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na waliokwenda vijijini na masanduku ya barafu mabegani wanastahili sifa kuliko walizopewa. Lakini baada ya ushindi huo chanjo ililegea ikakatika. Mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yaliingia tena kisiwani, mara mbili, kutoka nje. Yalikuta mbwa wasio na kinga, yakaenea, watu wakaumwa upya. Ilibidi chanjo ya kisiwa kizima irudishwe, na mpaka Oktoba 2018 ndipo yalipokomeshwa mara ya pili. Watafiti hao walikadiria kuwa kuendelea kuwachanja mbwa kila mwaka, pamoja na kuwapa chanjo bila malipo watu walioumwa, huziepusha familia zaidi ya 30 za Pemba kila mwaka na janga la kuumwa na mbwa mwenye kichaa.

Tufikiri maana ya maneno hayo, “kutoka nje”. Mbwa haogelei Mkondo wa Pemba. Mbwa huvuka kwa chombo, na chombo kina nahodha, na nahodha ana abiria, na abiria ana kwao anakokwenda. Hatusemi kuwa mtoto wa mbwa wa Kintinku alikuwa mgonjwa. Huenda ni mzima kama wewe msomaji. Twasema kwamba macho hayawezi kulijua hilo. Mbwa aliyeumwa mwezi uliopita hucheza, hula, hutingisha mkia, na kubeba ndani mwake jambo litakalotokea mwezi ujao katika ua wenye watoto.

Bahari imetufanyia watu wa visiwani wema mkubwa katika mambo haya, na wakati mwingine twausahau. Wazee wa Unguja wanakumbuka ndorobo, inzi aletaye nagana kwa ng'ombe, alivyoutesa ufugaji wa kisiwa. Kati ya mwaka 1994 na mwaka 1997, Serikali kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ilirusha kutoka katika ndege madume zaidi ya milioni nane wa ndorobo hao, waliolelewa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi ili majike wasipate kuzaa. Ndorobo wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa huru. Bara kazi hiyo ni ngumu mno, kwa kuwa ukimfukuza ndorobo katika pori moja huingia kutoka pori la pili. Kisiwani kinachotoka, kimetoka, isipokuwa mtu akirudishe.

Na mtu hurudisha, tena kwa nia njema. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, wanaokula mayai na vifaranga vya ndege wengine, waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mnamo miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Aliyewaleta alidhani kuwa anasafisha. Wamevuka wenyewe mpaka Dar es Salaam, wakajaa huko, na hakuna anayewatuma tena kufanya usafi.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayoyaomba. Kwa msafiri: mbwa au paka asivuke bila ya cheti cha chanjo chenye tarehe na mhuri wa daktari wa mifugo, na bila ya kibali. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya bara ya mwaka 2003 inawapa maofisa mifugo mamlaka juu ya wanyama wanaohamishwa, na visiwani nako wapo maofisa wenye kazi hiyo. Kuwaendea hakupunguzi heshima ya mtu. Mtoto wa mbwa kwa kawaida huchanjwa afikapo umri wa miezi mitatu, na kinga haiingii siku ile ile, bali huchukua wiki kadhaa. Kijana mwenye shamba la kulindwa aweza kungoja wiki hizo, ingawa twajua kuwa tumbili hawangoji.

Kwa aliyeumwa, awe mkubwa au mdogo: kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika kumi na tano zilizohesabiwa kwa saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, wala asingoje kuona mbwa atakuwaje. Kupaka mafuta ya taa au majani hakufai kitu.

Kwa masheha, mabalozi wa nyumba kumi na wenzetu wa matawi ya Chama: yawepo madaftari ya mbwa, kila mbwa na jina la mtu mmoja atakayempeleka siku ya chanjo. Wasasi na wenye mashamba wakishirikishwa katika kuyaandika, madaftari yatajaa, maana wao wanawajua mbwa wao kwa majina. Siku yenyewe ya chanjo itangazwe misikitini, madukani na skuli, si katika barua pekee.

Kwa viongozi tuna maneno mawili. La kwanza ni juu ya bandari. Kukagua abiria wa boti kubwa ni nusu ya kazi, kwa sababu majahazi na mashua zitokazo Tanga na Pangani hushukia pia katika bandari bubu, ambako mtoto wa mbwa hushuka pamoja na magunia. Pale panahitajika ofisa mifugo anayejuana na wavuvi wa diko, ambaye wao wenyewe watamwita, zaidi ya panavyohitaji askari wa kuwatisha.

La pili ni juu ya fedha. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa watu kufa kwa kichaa kitokacho kwa mbwa, na wataalamu husema kuwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka hutosha kukata maambukizo. Pemba imekwisha kuthibitisha jambo hilo mara mbili kwa vitendo, na katikati ya mara hizo mbili imethibitisha pia kinachotokea kazi ikisimama. Kila bajeti inapoandaliwa hutokea mtu mwenye busara ya hesabu akauliza kwa nini tutoe fedha kwa maradhi ambayo hayajaonekana kwa miaka kadhaa. Swali hilo linapoulizwa katika kikao cha mwaka ujao, tungependa mmoja wa wajumbe awe na tarehe hizi karatasini mwake: Mei 2014, maradhi yamekwisha, mwishoni mwa 2016, yamerudi, Oktoba 2018, yamekwisha tena. Kisha fedha za chanjo ya mbwa, Unguja na Pemba, zipitishwe kama zilivyoombwa.